Brusketa na Krostini kwa Wageni, kwa Jiko la Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu wa Kigoma, Ujiji au Kasulu anapotaka kuwapa wageni mikate ya kuchoma ya Kiitaliano kabla ya chakula chenyewe. Jambo moja linatawala karibu majibu yote: maji ndiyo adui. Mkate ukikauka sawasawa na kitu cha juu kikachujwa maji, mengine yote yanarekebishika.

## Mambo ya msingi

Brusketa ni nini, na krostini ni nini?

Vyote viwili ni slesi za mkate zilizochomwa. Brusketa ni slesi nene, sentimita 1.5 hadi 2, inayochomwa juu ya makaa, ikasuguliwa kitunguu saumu kibichi ingali ya moto, ikanyunyiziwa mafuta ya zeituni na chumvi. Hapo tayari ni brusketa kamili. Nyanya ni nyongeza, ingawa ndiyo nyongeza iliyopata umaarufu kuliko mkate wenyewe. Huko Toscana, mkoa wa Italia ya kati, hiyo isiyo na nyanya huitwa fettunta, na huliwa hasa wakati mafuta mapya ya zeituni yanapokamuliwa.

Krostini ni vidogo na vyembamba, sentimita 1 hivi, hukaushwa mpaka vikatike kwa mlio, na hupakwa kitu kizito juu: maini yaliyosagwa, maharage, jibini laini. Kama wageni watakuwa wamesimama au wamekaa mkekani bila meza, andaa krostini. Mtu hushika kwa vidole viwili, akang'ata mara mbili, kikaisha. Brusketa inataka sahani, na nyanya zake huanguka.

Nihesabu vipande vingapi kwa kila mgeni?

Kama chakula kikubwa kinafuata, vipande 3 au 4 vya krostini, au brusketa 2. Usizidishe, maana mgeni akishiba mkate, wali na kuku vitabaki. Kama hakuna chakula kingine, hesabu vipande 7 au 8 na uwe na aina tatu za kuweka juu. Boflo la urefu wa sentimita 30 likikatwa mshazari hutoa slesi 20 hadi 24, kwa hiyo kwa wageni 10 kabla ya chakula, maboflo mawili yanatosha bila wasiwasi.

Lazima niwe na oveni?

Hapana. Brusketa ni chakula cha makaa tangu asili, na jiko la mkaa linaipa harufu ambayo oveni haina. Oveni inasaidia tu ukiwa na vipande vingi vya krostini kwa mkupuo mmoja.

## Mkate

Mkate gani unafaa?

Mkate mzima usiokatwa, wenye ganda gumu kiasi na ndani yenye matundu, usio na sukari nyingi. Boflo linafaa. Mkate wa mviringo wa kuoka nyumbani kwa moto wa juu na chini unafaa pia, alimradi usitie maziwa wala sukari kwenye kinyunya. Skonzi na mikate mitamu ya chai iache: sukari huungua kabla mkate haujakauka, na utamu wake unagombana na kitunguu saumu.

Kwa nini mnasisitiza mkate wa jana?

Mkate uliotoka kuokwa leo bado una unyevu mwingi. Kisu kinaubonyeza, slesi zinatoka zimepinda, na jikoni huiva rangi nje huku katikati pakibaki laini kama kinyunya. Mkate wa jana unakatika vizuri na unakauka kwa muda mfupi. Ukiwa na wa leo tu, ukate, tandaza slesi kwenye ungo saa moja au mbili na uzifunike kwa kitambaa chepesi, kisha endelea.

Dukani nimepata mkate wa slesi peke yake. Nifanyeje?

Utafaa kwa krostini, kwa brusketa hapana. Toa maganda ya pembeni, kata kila slesi pembetatu mbili, zianike nusu saa, halafu zikaushe kwa moto mdogo kwenye kikaango kikavu, dakika 3 hadi 4 kila upande. Mkate huu ni laini na hunyonya maji upesi, kwa hiyo usiwekee nyanya mbichi. Upake maharage au maini. Kwa haraka ya ugeni wa ghafla ni jibu zuri tu, hakuna wa kuona aibu.

Nikate vipi?

Tumia kisu cha meno na usikandamize. Vuta na sukuma kama msumeno. Ukikata mshazari slesi inakuwa ndefu na nafasi ya kuweka kitu inaongezeka. Unene uwe sawa kwa slesi zote, la sivyo nyembamba zitaungua huku nene bado ni laini.

## Kuchoma

Nichomeje kwenye jiko la mkaa?

Washa mkaa mapema, dakika 30 kabla, nje au barazani penye hewa. Usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama wageni wanasubiri na mvua inanyesha, kwa sababu hewa ya mkaa inaua bila kutoa harufu. Subiri mkaa wote ushike na ufunikwe jivu jeupe. Mkaa ulioshika nusu unatoa moshi, na mkate unanyonya moshi huo mara moja. Usianzishe moto kwa mfuko wa plastiki; harufu yake haitoki.

Pima moto kwa kiganja. Weka mkono sentimita 10 hivi juu ya wavu na uhesabu taratibu: ukivumilia mpaka nne, moto ni wa kadiri na unafaa. Ukitoa mkono kwenye mbili, tandaza makaa au yafunike kwa jivu kidogo.

Panga slesi kavu, bila mafuta. Mafuta yakidondokea makaa huwaka na kuacha masizi kwenye mkate. Brusketa huchukua dakika 1 na nusu hadi 2 kila upande. Tafuta mistari ya kahawia ya wavu na ganda linalokwaruza ukilipitisha kucha. Usiondoke hapo jikoni. Kati ya kahawia nzuri na nyeusi kuna sekunde chache tu, na mkate ulioungua ukiukwangua bado uchungu unabaki.

Krostini vinahitaji kukauka zaidi ya kupata rangi. Baada ya kupata rangi, visogeze pembeni ya wavu kusiko na makaa chini, uviache dakika 5 nyingine.

Na kwenye kikaango au oveni?

Kikaango: pasha moto wa kadiri, kisha paka mkate mafuta kwa brashi pande zote mbili, kijiko kimoja kikubwa kwa slesi 4, na uchome dakika 2 hadi 3 kila upande. Usijaze, slesi zikibanana hutoa mvuke na kulainishana.

Oveni: nyuzi 200, slesi zilizopakwa mafuta kidogo, dakika 8 hadi 10, ukizigeuza katikati ya muda.

Mkate umekuwa mweusi nje lakini ndani bado laini. Kosa ni nini?

Moto mkali mno, au mkate una sukari, au ni wa leo. Kama hujaweka kitu juu bado, punguza moto na urudishe zile ambazo hazijaungua zikauke taratibu. Zilizoungua kweli zitoe kabisa kwenye sinia.

Kitunguu saumu kinawekwa lini?

Baada ya kuchoma, mkate ukiwa bado wa moto. Menya punje moja, ikate katikati, usugue upande uliokatwa juu ya mkate. Ganda lililochomwa limekwaruza na linasaga kitunguu lenyewe, na joto linatoa harufu. Punje moja inatosha slesi 6 hadi 8. Sugua mara mbili au tatu tu. Ukikipaka kabla ya kuchoma, kinaungua na kuwa kichungu.

Mafuta ya zeituni ni ghali. Nitumie nini?

Ukipata hata chupa ndogo, yaweke kwa kunyunyizia mwisho tu, ambako ladha yake inasikika. Kwa kupaka kabla ya kuchoma na kukaangia vitu vya juu tumia alizeti. Usipoyapata kabisa, alizeti iliyokamuliwa hapa nchini bila kusafishwa sana ina harufu yake ya karanga na inapendeza kwenye maharage na uyoga. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa mpaka hayana harufu hayaongezi chochote yakinyunyiziwa mwisho, afadhali uache.

Vipi mawese?

Swali hili ni la Kigoma hasa, na jibu ni ndiyo, ila si kila mahali. Mawese mekundu yana ladha nzito na rangi inayotia kila kitu. Juu ya nyanya mbichi na majani ya rehani yanafunika yote, na yakipoa huganda na kuacha utando mdomoni. Lakini yakipikwa na kitunguu na dagaa, yakaliwa ya moto, hakuna mafuta ya zeituni yatakayoyafikia. Yapashe kwa moto wa kadiri. Yakitoa moshi rangi nyekundu inafifia na ladha inakuwa ya kuungua. Mapishi yapo chini, kwenye swali la dagaa.

## Vya kuweka juu

Nyanya zangu hutoa maji na mkate unalowa. Nizuie vipi?

Hili ndilo linaloharibu brusketa nyingi kuliko yote. Kwa brusketa 12 chukua nusu kilo ya nyanya zilizoiva lakini ngumu. Zile ndefu zenye nyama nyingi ni bora kuliko za duara zenye maji. Zikate katikati, toa mbegu na ute kwa kidole, kisha zikate vipande vya nusu sentimita. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 15 hadi 20. Chumvi inavuta maji nje. Utakuta maji ya kutosha chini ya bakuli. Yatie kwenye mchuzi, usiyamwage.

Baada ya hapo ndipo utie vijiko vikubwa 3 vya mafuta, kijiko kimoja cha chai cha siki au ndimu, na majani ya rehani yaliyochanwa kwa mkono. Weka juu ya mkate dakika 5 kabla ya kupeleka kwa wageni, si mapema. Njia salama kuliko zote ni kupeleka mkate kwenye sinia na nyanya kwenye bakuli, kila mtu ajiwekee.

Sina rehani. Kivumbasi kinafaa?

Kivumbasi ni ndugu yake lakini harufu yake ni kali, na wengi tunaijua kama ya kufukuzia mbu. Jani dogo moja lililokatwa vipande vidogo kwa nusu kilo ya nyanya, basi. Kotimiri ni salama zaidi, ingawa itahamisha ladha kutoka Italia kuja kwenye kachumbari. Au acha majani kabisa: nyanya nzuri, mafuta na kitunguu saumu vinajitosheleza.

Krostini vya maini ya kuku vinatengenezwaje?

Hii ndiyo fahari ya Toscana, na bahati nzuri vitu vyake karibu vyote vipo sokoni Mwanga. Waitaliano hutia humo samaki wadogo wa chumvi wanaowasaga wakayeyuka ndani ya maini. Kazi hiyo dagaa wetu wa Tanganyika wanaifanya vizuri sana.

Kwa vipande 20 hadi 25, chukua gramu 300 za maini. Yachambue: toa mishipa na mafuta, na kata pasipo huruma sehemu yoyote yenye doa la kijani, maana hiyo ni nyongo na tone moja linaharibu sufuria nzima. Kata kitunguu maji kimoja kidogo kidogo, kipike kwa vijiko vikubwa 2 vya mafuta na moto mdogo dakika 8 mpaka kilainike bila kuwa kahawia. Ongeza moto, tia maini, geuzageuza dakika 6 hadi 8. Pasua moja: ndani pasiwe na wekundu.

Hapo tia kijiko kikubwa kimoja cha siki (mahali pa divai ya Kiitaliano) na robo kikombe cha supu au maji, uache ikauke nusu. Dagaa wakavu, kama kiganja kimoja, uwe umewatoa vichwa na matumbo, umewakaanga bila mafuta na kuwatwanga. Tia kijiko kikubwa kimoja cha unga wao. Saga vyote kwenye kinu au katakata kwa kisu mpaka ipakike, bila kuwa uji. Malizia na kijiko cha siagi. Chumvi onja mwisho, kwa kuwa dagaa wanaweza kuwa na ya kwao.

Yakiwa makavu na kama mchanga, yamepikwa kupita kiasi: ongeza supu vijiko viwili na siagi kidogo, pasha, koroga. Paka yangali vuguvugu.

Dagaa na mawese juu ya mkate: kwa vipimo gani?

Kikombe kimoja cha dagaa wakavu waliochambuliwa. Waoshe haraka kwa maji ya moto, wakamue, wakaange bila mafuta dakika 3 wakauke. Pasha vijiko vikubwa 3 vya mawese, kaanga kitunguu kimoja mpaka kianze kushika rangi, tia nyanya moja iliyotolewa mbegu na pilipili kidogo, pika mpaka mafuta yatokeze juu. Rudisha dagaa, koroga dakika 2, kamulia ndimu. Mchanganyiko uwe mkavu, usiotiririka. Unatosha krostini 15, na upelekwe wa moto kwa sababu ya kuganda kulikotajwa kwenye swali la mawese.

Ukipata dagaa wabichi asubuhi mwaloni Kibirizi, vingirisha kwenye unga na chumvi, kaanga mpaka wakauke, weka watatu watatu juu ya brusketa ya nyanya. Wekea dakika ya mwisho kabisa.

Maharage yanafaa?

Sana, na ndiyo rahisi kuliko yote. Vikombe 2 vya maharage yaliyoiva mpaka kulainika (meupe au ya njano, mekundu yanafaa ila rangi yake haivutii) yapondwe nusu kwa mwiko, nusu yabaki mazima. Kaanga punje 2 za kitunguu saumu kwa vijiko 3 vya mafuta, tia maharage, chumvi na pilipili manga. Rojo likiwa zito mno ongeza maji yaliyoyachemsha maharage.

Nitengeneze jibini laini nyumbani?

Chemsha lita 1 ya maziwa ya ng'ombe mpaka pembeni patoe povu, epua, tia vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu, koroga mara moja tu, acha dakika 10. Maji yakibaki meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja. Chuja kwa kitambaa safi nusu saa, tia chumvi kidogo. Yanatosha vipande 12 hivi. Maziwa ya pakiti ya kudumu muda mrefu huganda kwa chembe ndogo na hutoa jibini kidogo, kwa hiyo tafuta ya muuza maziwa.

Lipake juu ya krostini na umimine asali ya Tabora, nusu kijiko cha chai kwa kila kipande. Jibini na asali juu ya mkate ni mchanganyiko wanaoupenda Waitaliano wenyewe, na asali nyeusi ya misitu ya miombo ina uzito unaouhitaji. Asali itiwe mbele ya wageni, la sivyo inapenya mkate.

Uyoga wa msimu wa mvua?

Nunua kwa wauzaji wanaoujua, usiokote usioutambua. Gramu 250, moto mkali, usitie chumvi mpaka maji yake yakauke.

## Kupanga muda

Wageni wanakuja saa kumi na mbili jioni. Nianze lini?

Krostini vilivyokauka kabisa vinaweza kuchomwa jana yake na kufungwa kwenye kopo lisilopitisha hewa vikishapoa. Vikifungwa vya moto vinatoa jasho na kulainika. Wakati wa masika hulainika hata ndani ya kopo, na dakika 3 juu ya wavu zinavirudisha. Maharage na maini pika mchana, weka kwenye friji, pasha jioni. Nyanya zikate saa kumi na moja. Mkaa uwashe saa kumi na moja na nusu. Brusketa ichomwe wageni wakishanawa mikono.

Vinaweza kukaa mezani muda gani?

Maini, jibini na samaki visizidi saa mbili nje ya friji, na siku ya joto kali saa moja. Peleka sinia dogo, ongeza lingine.

## Wageni wenye mahitaji yao

Wageni ni Waislamu. Nibadilishe nini?

Mapishi mengi ya Italia yana nyama ya nguruwe au divai. Mapishi yote yaliyo hapa hayana. Siki imechukua nafasi ya divai kwenye maini. Kuku awe wa kuchinjwa kihalali.

Kuna mgeni asiyekula ngano.

Italia ya kaskazini wana krostini vya uji mzito wa mahindi, na hapo sisi tuko nyumbani. Songa ugali wa mahindi mgumu, umimine kwenye sinia lililopakwa mafuta, usawazishe unene wa sentimita 1.5, uache upoe kabisa, saa mbili au zaidi. Kata vipande, paka mafuta, choma juu ya wavu wa moto dakika 4 hadi 5 kila upande, bila kuugusa mpaka ujiachie wenyewe. Ugali ukiganda kwenye wavu, bado haujaiva upande huo. Ugali wa muhogo haufai hapa: unanata na haukauki juu. Tumia wavu na kisu ambavyo havijagusa mkate.

Watoto wachanga na wazee?

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda. Bibi au babu mwenye meno mabovu mchomee brusketa nene upande mmoja tu, umwekee nyanya robo saa kabla upande ambao haukuchomwa, ulainike na maji yake. Huyu peke yake ndiye anayetaka mkate uliolowa.